Nilivyomfumania Shabani na Picha Ambayo Haipo

Jamani, leo uso wangu nimeuacha kwenye ofisi ya korosho, na sijui nitaufuata saa ngapi.

Nawaandikia nikiwa studio. Mlango nimeurudishia, na nje nimetundika kile kibao cha "Tumefunga kwa swala". (Saa hizi hakuna swala yoyote. Mungu anisamehe na hilo nalo.) Nyote wa kozi yetu ya kompyuta mnanijua, basi afadhali mlisikie kutoka kwangu kabla halijafika Dar na basi la mchana.

Kwa waliosahau, nimerudi nyumbani Kibiti. Nafanya kazi studio ya picha ya Mzee Saidi, karibu na stendi. Tangu biashara iwe ruksa kila mtu hapa kafungua kitu, na Mzee Saidi hakutaka kubaki nyuma. Akafunga dishi juu ya bati, akanunua kompyuta iliyochoka, akaisukuma chini ya meza yangu na kuniambia, "Mwanahamisi, hiyo ndiyo seva. Ilee." Nikailea. Picha za harusi zimo humo, za maulidi zimo, na za watu wanaotoka Kiongoroni kwa boti na nguo zao mpya wamezifunga kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Ndugu zao walioko Dar na Maskati wanafungua ukurasa wetu wanaziona. Kisha tukapitisha waya juu ya mapaa, tukawauzia intaneti majirani wanne. Mmoja wao ni ofisi ya wanunuzi binafsi wa korosho, nyumba ya tatu kutoka hapa.

Ofisi hiyo ina kompyuta moja. Mbele ya kompyuta hiyo anakaa Shabani. Karani. Mchumba wangu!

Barua ya posa ilishaletwa kwetu na wazee wameridhika. Lililobaki ni moja tu: shangazi yake wa Umwe aje anione kwa macho yake. Shangazi huyo ndiye aliyemlea Shabani, na kwao akishasema yeye hakuna wa kusema tena. Akiridhika, siku ya harusi inatajwa. Asiporidhika, nabaki Mwanahamisi wa seva. Nilijua atakuja wiki hii. Siku yenyewe sikuambiwa.

Sasa nije kwa Zuhura.

Zuhura ni msichana aliyekuja kupigwa picha hapa mwezi uliopita, gauni la kijani, ushungi wa kijani, na macho ambayo sitaki kuyaeleza. Mzee Saidi akaipenda ile picha, akaamuru ikae kwenye ukurasa wa mbele, na jina lake chini. Ukurasa wa mbele una picha mbili tu. Moja yangu, nimeshika kamera kama fundi mkuu. Ya pili ikawa hiyo ya Zuhura.

Siku hizo waya ulikuwa haujafika ofisini kwa Shabani. Akaja studio kunisalimia, akainama kwenye kioo cha kompyuta, akasema, "Ehe! Zuhura katoka huyo!"

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Yako nayo nzuri."

Nzuri! Hata uji ni mzuri.

Alipotoka tu, nikamfuta Zuhura. Faili zima. Nakala sikuacha. (Ndiyo, mimi yule yule niliyekuwa nawakaripia darasani kuhusu nakala za akiba.) Mzee Saidi hakugundua, maana yeye kompyuta huikagua kama taa yake inawaka, basi. Ila ule mstari wa kwenye ukurasa unaoiita ile picha sikuufuta. Nilisema nitauondoa kesho. Kesho yake zikaja harusi mbili za Ikwiriri, nikasahau. Hata picha ya kushikilia nafasi, ile tuliyofundishwa kuiweka penye kitu kilichopotea, sikuiweka.

Ndipo waya ukafika kwa Shabani. Majirani wakawa wanne, intaneti ikawa nzito, kila mtu ananinung'unikia. Nikafanya jambo la akili. Nikaielekeza seva iziambie kompyuta za wateja: "Picha hii ukishaipata mara moja, itunze kwako mwezi mzima, usije kuniomba tena." Mambo yakawa mepesi mara moja. Niliwatambia humu humu, mkanipongeza, nikavimba kichwa.

Twende leo.

Saa nne asubuhi. Jenereta linanguruma, mteja hakuna. Nikafungua lile faili ambamo seva inaandika kila anayeiomba kitu: nani kaomba, kaomba nini, saa ngapi. Nilitaka kujua picha zipi zinaibebesha seva mzigo. Wallahi sikuwa napeleleza. (Nilikuwa napeleleza kidogo.)

Nikachagua kompyuta ya Shabani. Nikasema nipe maombi ya picha tu, za ukurasa wa mbele, wiki hii.

Zuhura. Zuhura. Zuhura. Zuhura.

Nikadhani macho. Nikashusha. Zuhura saa mbili asubuhi, Zuhura saa mbili na robo. Zuhura saa nne, watu wanapokunywa chai. Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, Zuhura! Akirudi msikitini, Zuhura! Nikazihesabu kwa kidole kwenye kioo. Sitini na moja.

Nikatafuta yangu. Moja. Jumatatu asubuhi, mara moja, akamaliza.

Kila mstari wa Zuhura ulikuwa na 404 mwishoni. Ninyi mnaijua hiyo. (Kwa wale wa darasa la ushonaji mnaosomea begani kwa wenzenu: hiyo ni seva inajibu "ulichoomba hakipo".) Niliiona. Niliisoma kabisa. Lakini mnajua wivu ulinitafsiria nini? Kwamba hakipo na bado anakitafuta! Mtu nimemfutia picha, anaambiwa haipo, anarudi. Anaambiwa haipo, anarudi tena. Mara sitini na moja hachoki! Mimi nipo, faili langu zima, kamera mkononi, naangaliwa mara moja kwa wiki kama mita ya maji.

Nilikuwa na wivu, sifichi. Wala sikujiuliza Shabani kafungua ukurasa mara ngapi, wala kwa nini. Mistari ya ukurasa wenyewe ilikuwa humo humo kwenye faili, nimeichuja mwenyewe, sikuitazama. Nani ana muda?

Nikachapa ushahidi. Karatasi mbili. Kisha nikaenda kwenye kile kiboksi cha kugawia nyaya, nikauchomoa waya wa ofisi ya korosho. "Akamtafute kwa miguu!" nikasema peke yangu. Nikajitanda khanga, nikatoka na karatasi zangu.

Huu ni msimu, kwa hiyo ofisi ilikuwa imejaa. Mizani inaning'inia mlangoni, wakulima wamekaa juu ya magunia wakisubiri kupimiwa. Shabani yuko mezani kwake. Kwenye gunia lililo karibu naye kakaa mama mmoja wa makamo, baibui jeusi, kikapu miguuni kimefunikwa kawa. Nikamhesabu ni muuza korosho kama wengine. Sikumwamkia. Sikumwamkia mtu yeyote humo ndani, na ninyi mnajua kwetu hilo lina uzito gani.

"Shabani!"

Akainua uso, akatabasamu. "Aa, Mwana! Afadhali umekuja, nilikuwa nataka kukutumia mtu, maana leo..."

"Usinitabasamie! Zuhura ni nani kwako?"

Mpimaji alikuwa kainua gunia nusu, akalirudisha chini taratibu.

"Zuhura yupi?" Shabani akauliza.

"Yupi? Kwani wako wangapi?"

Nikataka kusimama karibu na meza, yule mama mwenye baibui akawa amenizibia njia. Nikamwambia, "Mama, hebu nipishe kidogo, nina kesi na mtu muongo."

Akanipisha. Akavuta na kikapu chake kwa adabu kabisa. "Endelea, mwanangu," akasema.

Nikaendelea! Nikakunjua karatasi, nikasoma kwa sauti. "Mara sitini na moja kwa wiki! Jumatatu, saa mbili na dakika tano, Zuhura! Saa mbili na dakika kumi na saba, Zuhura! Saa tatu kasoro, Zuhura!" Nilipofika Jumanne wakulima walikuwa wameshashika hesabu. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akainama kwa mwenzake. "Hiyo ya ngapi?"

"Ya kumi na tisa."

"Lahaula! Na korosho zetu aziandike saa ngapi?"

Shabani akanyoosha mikono. "Mwana, nisikilize. Mie hiyo picha ya Zuhura wala siioni. Hapo kwenye ukurasa wenu pana kijisanduku kitupu, kina alama nyekundu ya kosa kama ya mwalimu. Nilitaka hata kukuambia kitu chenu kimeharibika."

"Muongo!"

"Njoo uone."

"Utanionesha nini? Mtandao nimekukatia!" nikacheka kwa dharau, mpaka nikawageukia wakulima wacheke nami. Hawakucheka.

"Umenikatia?" Shabani akashangaa, lakini akabonyeza. "Basi nafungua bila mtandao, kama nifanyavyo kila jenereta lenu likizima."

Akazungusha kioo cha kompyuta tuone wote. Ukurasa wa studio ukafunguka, waya ukiwa nimeuchomoa kwa mkono wangu. Nikatokea mimi. Mkubwa, nang'aa, kamera mkononi, meno yote nje. Pembeni yangu kijisanduku kitupu na alama yake nyekundu.

Hapo akili ikanirudia, na ilirudi yote kwa pamoja.

Nani aliyeiambia kompyuta hii iitunze picha yangu mwezi mzima isiiombe tena? Mimi. Nani alimfuta Zuhura akaacha ukurasa unaendelea kumwita? Mimi. Kwa hiyo kila Shabani akifungua ukurasa, picha yangu inatoka humo humo ndani mwa kompyuta yake, seva haisumbuliwi, haiandiki kitu. Ya Zuhura haimo, basi kompyuta inakwenda kuiomba upya kwangu, inaambiwa haipo, inarudi mikono mitupu. Kesho tena. Keshokutwa tena. Shabani hakuomba Zuhura hata mara moja. Iliyokuwa inaomba ni mashine, kwa uzembe wangu.

Na kama ukurasa ulifunguliwa mara sitini na moja, juu yake kuna kitu kimoja tu cha kutazama.

Yule mzee wa kofia naye si wa kubaki nyuma. "Sasa bwana karani," akasema, "hiyo mara sitini na moja, ulikuwa unatazama kijisanduku?"

Shabani akatazama vidole vyake. "Natazama huyo mwenye kamera."

Jamani! Ofisi nzima ilipasuka. Watu wanapiga magunia kwa makofi. Mpimaji kajishikiza kwenye mizani, mizani nayo inacheza. "Ndiyo maana magunia yetu hayaandikwi!" mama mmoja akapiga kelele kutoka mlangoni. Mimi nimesimama katikati na karatasi zangu mbili, furaha imenijaa hapa kifuani na aibu imenijaa kila mahali pengine.

Ingekuwa imeishia hapo ningesema Alhamdulillahi.

Yule mama wa baibui ndiye pekee aliyekuwa hacheki. Alikuwa anakitazama kile kijisanduku. Akaniuliza kwa upole, "Hebu nieleweshe, mwanangu. Mie huyo Zuhura namjua. Kaniambia kapigwa picha nzuri, wameiweka kwenye mashine. Nimetoka Umwe tangu alfajiri, nikasema nitaiona na mie. Imekwenda wapi?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa tayari kabisa kusema virusi. (Mnajua virusi vilivyotusaidia maishani.) Herufi ya kwanza ilishafika kwenye meno.

Shabani akaniwahi. "Shangazi," akamwambia yule mama, "huyu ndiye Mwanahamisi."

Shangazi.

Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi la korosho, khanga ikaniteleza, karatasi zikaanguka, Zuhura zote sitini na moja zikatawanyika miguuni kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Naingojea tangu umeingia."

Watu wakasogea karibu. Hapo hakuna aliyetaka kukosa neno.

"Haya," akasema. "Zuhura yuko wapi?"

"Nimemfuta, shangazi."

"Kisa?"

Nikasema kweli, maana virusi vilikuwa vimeshanikimbia. "Shabani alimsifu. Nikaona wivu."

Akavuta pumzi ndefu. "Zuhura ni mwanangu wa kumzaa. Huyu Shabani mama yake alifariki hajatoka arubaini. Nikamchukua mie, nikawanyonyesha wote wawili, huyu upande huu, yule upande huu. Ni ndugu wa ziwa moja. Hao hata dunia ibaki wao wawili, hawaoani."

Kwa asiyejua: hilo kwetu halina mjadala. Mtoto mdogo wa chuo cha Kurani angeweza kuifuta kesi yangu yote kabla sijamaliza kukunjua karatasi.

Nikamgeukia Shabani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia nina dada Umwe!"

"Ulisema dada! Kwako kila mtu dada! Muuza vitumbua dada!"

"Nyamazeni," shangazi akasema. Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye vumbi. "Wivu unao."

"Ninao, shangazi."

"Mwingi."

"Mwingi, shangazi."

"Na uongo je? Maana nilikuona pale, mdomo uko wazi."

Nikainamisha kichwa. "Ulikuwa unakuja."

Hapo ndipo alipocheka, kidogo, puani. Nilitaka kulia kwa matumaini. Akainama akafunua kawa. Mkate wa kumimina, wote, rangi ya dhahabu, hiliki inanukia ofisi nzima. "Huu nilikuletea wewe," akasema. Nikanyoosha mikono yote miwili. Akampa yule mzee wa kofia. "Gaweni, jamaa zangu. Mwenyewe kashiba hasira."

Waliula mbele yangu. Mpaka makombo.

Kisha akatoa hukumu. "Mie nimekuja kutaja siku ya harusi. Sitaitaja leo. Nitaitaja mwanangu atakaporudi humo kwenye mashine, pale pale alipokuwa. Umkuze, awe mkubwa kuliko wewe. Nami nitakaa hapa kwa Shabani nitazame."

"Picha yake sina tena, shangazi. Hata nakala."

"Kwani Zuhura kafutika? Yuko sokoni hapo, kaja na mie. Namtuma mtu."

Nilirudi studio bila kutazama kulia wala kushoto. Nikauchomeka waya wa watu. Nikaufuta ule mstari uliokuwa ukiita kisichokuwepo, mahali pake nikaweka kibao kinachosema "Picha inakuja", kazi ya dakika tatu ambayo ningeifanya mwezi uliopita leo ningekuwa nakula mkate. Mzee Saidi akapita akaniuliza mbona macho mekundu. Nikamwambia matengenezo.

Zuhura ameshafika. Ameshaambiwa yote, tena na wakulima. Yuko kwenye kiti cha kupigia picha hapa mbele yangu, gauni lile lile la kijani, ananingoja nimalize kuwaandikia. Nimemwomba atabasamu kidogo tu. Kanijibu kidogo hawezi, akikumbuka karatasi mbili mbavu zinamuuma.

Basi mkiweza msinicheke, niombeeni: sasa naenda kushika kamera, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nasali kwa moyo wangu wote mwanamke mwingine atoke mzuri kuliko mimi.